Rubani wa Ughaibuni Anapoitwa Nyumbani

Barua tatu tulizochagua kwa toleo hili zimeandikwa na watu wasiojuana, wawili wakiwa kazini katika nchi za Ghuba na mmoja akiwa Dar es Salaam, lakini zote zinauliza jambo moja: rubani aliyejijenga ughaibuni arudi kufanya kazi kwao, au abaki alipo? Majina yamehifadhiwa na barua zimefupishwa. Anayejibu ni rubani mstaafu, mwandishi wa kawaida wa safu hii.

SWALI: Rafiki yangu ananiambia nije tu, ukapteni utafuata

Kapteni, shikamoo. Mimi ni Mtanzania wa miaka 44, rubani msaidizi wa Boeing 777 katika shirika la Dubai, nikiwa na miaka tisa ya utumishi hapa. Kabla ya kuja huku nilirusha ndege za pangaboi nyumbani. Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam ananihimiza nirudi nikarushe 787 za Air Tanzania, anasema, "Njoo tu, ukapteni utafuata." Baba yangu, ambaye sasa ni mzee sana, kila nikimpigia simu hunikumbusha kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Mke wangu yuko tayari, ila mtoto wetu wa kwanza ana miaka 13 na amesoma huku tangu awali. Mshahara wa nyumbani najua utakuwa mdogo kuliko wa hapa. Nifanyeje?
*Rubani, Dubai*

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Katika barua yako yote, sentensi iliyonishughulisha kuliko ile ya mshahara na kuliko hata maneno ya mzee wetu ni hiyo ya rafiki yako. Katika kazi yetu hakuna ukapteni unaofuata wenyewe. Kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, kina foleni, foleni ina orodha ya ukuu kazini, na anayeingia leo, hata akiwa na maelfu ya saa angani, kwa kawaida huandikwa chini ya orodha hiyo kwa tarehe aliyoajiriwa. Kwa hiyo kabla hujazungumza habari ya fedha na mtu yeyote, mwombe mwajiri mwenyewe akuandikie unaajiriwa kwa cheo gani, katika aina gani ya ndege, mafunzo ya kuhamia ndege hiyo yanaanza lini, masharti ya kupandishwa kuwa kapteni ni yapi na ni wangapi wanaokutangulia. Barua ya ajira inayosema "rubani" bila kutaja ndege inampa mwajiri haki ya kukupanga kwenye Q400, ndege ndogo ya pangaboi, ya Dar es Salaam na Dodoma, kazi yenye heshima yake kamili, lakini si kazi uliyoiachia 777.

Tuhesabu viti vyenyewe. Air Tanzania ilipokea 787-8 ya kwanza Julai 2018, ya pili Oktoba 2019 na ya tatu Agosti 2024. Kwa desturi ya mashirika mengi, ndege moja ya safari ndefu huhitaji makapteni watano au sita, na marubani wasaidizi wa idadi hiyo au zaidi kidogo, ili ipate kuruka mchana na usiku huku watu wakipumzika kama sheria inavyotaka. Ndege tatu basi ni viti vya makapteni kati ya kumi na watano na kumi na wanane, na vingi vina wenyewe. Shirika unalofanyia kazi sasa lina 777 zaidi ya mia moja. Huko nafasi ya kupanda cheo hutokea kila mwezi kwa sababu tu watu wanastaafu, wanaumwa au wanahama. Nyumbani kapteni mmoja asipoondoka, huenda mwaka ukapita bila nafasi kufunguka.

Kuna jambo jingine linalotokana na uchache huo, nalo marubani wengi wanaopiga hesabu ya kurudi hulisahau. Injini za Trent 1000 zinazotumiwa na 787 za Tanzania, pamoja na za PW1500G zilizo kwenye ndege zake ndogo zaidi za Airbus A220, zimeyasumbua mashirika ya dunia nzima kwa miaka kadhaa. Vipuri vyake vya ndani huchakaa kabla ya wakati uliotarajiwa, na karakana zinazoweza kuzifungua zina foleni ndefu. Baadhi ya A220 za Tanzania zilisimama mwaka 2022 kwa sababu hiyo. Shirika lenye ndege mia likisimamisha moja, wapangaji wa zamu hubadilisha majina machache kwenye ratiba na kazi ikaendelea. Shirika lenye ndege tatu za aina moja likisimamisha moja, theluthi ya kazi ya marubani wa ndege hiyo imeondoka siku hiyohiyo. Wewe unajua kinachofuata: rubani asiyepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria mpaka arudishwe kwenye simuleta, mashine ya mafunzo inayoiga ndege, na simuleta ya 787 haiko Dar es Salaam, watu husafirishwa hadi mahali kama Addis Ababa. Ndege ikisimama miezi sita, marubani wake hushindania safari chache zilizobaki ili leseni zao zisilale. Uliza, tena kwa maandishi, jinsi malipo yanavyogawanywa kati ya mshahara wa msingi na posho ya saa za kuruka. Ikiwa sehemu kubwa ya kipato chako itategemea saa, hitilafu ya injini ambayo huna uwezo wowote juu yake itakuwa hitilafu ya ada ya shule ya wanao.

Upande wa leseni una nafuu kuliko unavyodhani, lakini una utaratibu wake. Leseni unayotumia sasa imetolewa na mamlaka ya Falme za Kiarabu. Nyumbani utahitaji ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Kama leseni yako ya zamani ya Tanzania uliiacha ikalala, utaihuisha kwa kupimwa afya ya daraja la kwanza, kufanya mtihani wa sheria za anga na kujaribiwa mbele ya mtahini. Kwa upande wa ndege yenyewe una bahati, kwa maana mamlaka kubwa za usafiri wa anga zinazihesabu 777 na 787 kuwa jamii moja, na Boeing ilikusudia tangu mwanzo kwamba rubani wa 777 aweze kuhamia 787 kwa kozi fupi ya tofauti, si kozi kamili ya miezi. Mwajiri anayekuajiri anaokoa fedha nyingi kwa sababu hiyo. Usilione kuwa jambo dogo utakapofika kwenye kifungu cha mkataba kinachokufunga kulipia mafunzo. Kifungu hicho mara nyingi humtaka rubani atumikie miaka mitatu hadi mitano au alipe gharama akiondoka mapema. Kwa mtu anayehitaji kozi ya tofauti tu, muda huo na deni hilo vinapaswa kupungua. Sema hivyo mezani bila kuona haya.

Kusanya nyaraka zako ukiwa bado ndani ya nyumba ya mwajiri wako wa sasa. Ukishaondoka na kitambulisho chako kikazimwa, kupata barua moja kunaweza kuchukua majuma. Unahitaji uthibitisho wa saa zako uliogongwa mhuri, ripoti za majaribio yako ya mwisho ya simuleta, barua inayosema kwamba hukuhusika katika ajali wala kosa la kinidhamu, nakala ya faili lako la afya, na uthibitisho wa leseni unaotumwa moja kwa moja kutoka mamlaka ya huko kwenda TCAA. Hii ya mwisho haipiti mkononi mwako, kwa hiyo iombe mapema na uifuatilie pande zote mbili.

Sasa fedha. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inampa mfanyakazi wa kigeni kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, ilimradi jumla isizidi mshahara wa miaka miwili. Tuchukue mfano wa mshahara wa msingi wa dirhamu 30,000 kwa mwezi, yaani dirhamu 1,000 kwa siku. Miaka mitano ya kwanza inaleta dirhamu 105,000, miaka minne iliyofuata inaleta 120,000, na jumla ni 225,000. Posho ya nyumba, ya usafiri na ya saa za kuruka hazimo katika hesabu hiyo, na hapo ndipo wengi hushtuka, kwa sababu wamezoea kuutaja mshahara wao kwa jumla yake. Waajiri wengine wana mfuko wa akiba badala ya kiinua mgongo; kama wako ni mmoja wao, omba taarifa ya mfuko leo. Notisi ya kuacha kazi kisheria ni kati ya siku 30 na 90, hivyo angalia mkataba wako unasemaje. Kama una mkopo wa benki huko, ulipe au uupangie kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, kwa kuwa benki ikisikia kwamba ajira imekoma inaweza kuzuia akaunti ambayo kiinua mgongo chenyewe kinaingia.

Nyumbani utakutana na kodi ambayo umekaa miaka tisa bila kuiona. Kodi ya mapato ya ajira Tanzania inapanda kwa ngazi hadi asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi 1,000,000 kwa mwezi. Mtu wa mshahara wa shilingi 15,000,000, na hiyo ni namba ya mfano tu niliyoichagua kwa urahisi wa hesabu, akishakatwa asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, yaani shilingi 750,000, atalipa kodi ya shilingi 4,103,000 na kubaki na 10,147,000. Kisha ukumbuke kwamba nyumba, ada ya shule, bima ya matibabu ya familia na tiketi za likizo, ambavyo huko vimo ndani ya ajira, hapa vinaweza kutoka kwenye hizo milioni kumi. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa kiwango kisichobadilika tangu 1997, na shilingi haijafungwa. Kama una deni lolote la dola, lilipe kabla ya kuhamia mshahara wa shilingi.

Pensheni ndiyo hoja inayonifanya nikuambie kwamba umri wako hauruhusu kusitasita sana. Ghuba haitakupa pensheni; ukiondoka umeondoka na kiinua mgongo chako. Tanzania, ili mwanachama apate pensheni ya kila mwezi, anatakiwa awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180, na kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60. Wewe una 44. Ukianza sasa una miezi 192 hadi siku ya kustaafu. Umebakiwa na ziada ya mwaka mmoja tu. Ukingoja hadi ufike 47, miezi mipya peke yake haitatosha. Hata hivyo ulichangia NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ulipokuwa unarusha ndege za pangaboi, na michango hiyo haikufutika. Tafuta namba yako ya uanachama, omba taarifa ya michango na uulize jinsi vipindi viwili vitakavyounganishwa. Najua marubani waliolipuuza jambo hili kwa sababu malipo yenyewe yalikuwa madogo siku zile, kumbe thamani yake haikuwa katika shilingi, ilikuwa katika miezi.

Kuhusu mtoto wa miaka 13, nitasema kwa ufupi kwa sababu ninyi wazazi mnamjua. Kama mnafikiria shule za mtaala wa taifa, aingie mapema. Akifika wakati wenzake wanaelekea mtihani wa kidato cha nne, kumbadilishia mtaala ni kumwonea, na kwa mtoto aliyekulia Dubai somo gumu kuliko yote huenda likawa Kiswahili, kwani kukizungumza mezani na kukiandikia insha ya mtihani ni mambo mawili. Baraza la Mitihani hutoa ulinganifu wa vyeti vya nje, kwa hiyo njia ya pili ni kumwacha amalize mtaala wa Kiingereza katika shule ya kimataifa ya Dar es Salaam au Arusha. Ada za shule hizo ziingize kwenye hesabu ya milioni kumi kabla hujasema ndiyo.

Nimekueleza vizuizi vyote hivi, na bado nasema kwamba ukipata kiti kilichoandikwa, urudi. Nikueleze sababu.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukaipanua marufuku hiyo ikayakumba mashirika yote yanayosimamiwa na Tanzania. Marufuku hiyo inahusu mashirika na usimamizi wake, haimwondolei rubani mmoja mmoja leseni yake, na ndege zetu zilikuwa zinakwenda Mumbai, Guangzhou na Dubai, si Ulaya. Lakini miongoni mwa kasoro zilizotajwa ilikuwamo upungufu wa wataalamu wenye sifa katika usimamizi wa usalama. Hilo linauma, na linauma kwa sababu wataalamu hao wapo. Wamo kwenye ndege za Dubai, Doha, Abu Dhabi na Istanbul, wakiwa na pasipoti zetu. Wewe kwa miaka tisa umefanya kazi mahali ambapo data za kila safari husomwa na kompyuta, ambapo rubani msaidizi anayemwambia kapteni "tusitue, tuzunguke tena" hushukuriwa, na ambapo kosa unaliripoti mwenyewe kwa maandishi kabla hujaulizwa, ukijua hutafukuzwa kwa kuliripoti. Tabia hiyo hainunuliwi pamoja na ndege. Huletwa na watu walioizoea, wakawafundisha wengine ndani ya chumba cha marubani, safari baada ya safari.

Ndiyo maana ningependa uombe kitu ambacho rafiki yako hakukitaja. Omba iandikwe kwamba baada ya muda fulani utapewa mafunzo ya ukufunzi, kisha ya utahini. Shirika dogo lisilo na wakufunzi wake wa kutosha hukodi wa nje na kulipa kwa dola, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambacho nacho kimeingia katika mafunzo ya urubani, kitahitaji watu wa kukaa na vijana. Kuna pia kazi ya mkaguzi wa urukaji katika mamlaka ya usafiri wa anga, kazi ambayo marubani huikwepa kwa sababu mshahara wake haufanani na wa angani, na ambayo nchi yetu inaihitaji sasa kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Una miaka 21 kabla ya kufikia 65, kikomo cha kimataifa cha kurusha abiria kibiashara. Anayerudi akiwa na 62 anakuja kupumzika. Wewe unaweza kurudi ukalea kizazi kizima cha makapteni.

Mzee wetu mpe salamu zangu. Mweleze kwamba hujaikataa kwenu. Wengi wa rika lenu mliondoka kwa sababu kabla ya 2016 shirika la taifa lilikuwa limedhoofika kiasi cha kubaki karibu bila ndege, na rubani asiye na ndege hana pa kufanyia kazi.

SWALI: Kila mwaka anasema bado miwili

Ndugu mwandishi, mume wangu ni rubani Doha, mimi na watoto tuko Dar es Salaam. Kila mwaka anasema "bado miwili," na miwili haiishi. Akija anakaa siku chache, halafu anaondoka. Nimemwambia atafute kazi hapa ili tuishi kama familia. Anasema nyumbani hakuna maisha ya rubani. Je, nimkazanie?
*Mama wa watatu, Tabata*

JIBU

Dada yangu, uchovu wako ninauelewa, na sitakuambia uvumilie bila kikomo. Ila kwanza nikusaidie kuuliza vizuri, kwa sababu "rudi nyumbani" ni ombi ambalo linaweza kukubaliwa na bado usimpate.

Rubani wa safari ndefu anayefanya kazi kutoka Dar es Salaam bado analala hotelini Guangzhou na Mumbai. Siku akiwa nyumbani amelala mchana kwa sababu ameruka usiku kucha, na sikukuu zinamkuta kwenye ratiba. Rubani wa ndege ndogo za ndani, anayetoka asubuhi kwenda Mwanza au Mbeya na kurudi, analala kwake usiku mwingi zaidi. Huenda mumeo, kwa cheo alichofikia, anaona kwamba kurudi kwenye ndege ndogo ni kushuka. Mwulize wazi: angekubali ndege ndogo kwa ajili ya kuwa na ninyi? Jibu la swali hilo litakueleza mengi kuliko ugomvi wa mwaka mzima.

Pili, anaposema bado miwili, mwombe akueleze anangoja nini hasa. Mara nyingi kuna kitu nyuma ya maneno hayo: mkopo wa nyumba, ada ya mtoto wa kwanza, au ukapteni ambao anauona karibu. Kikiwa na jina, kina tarehe. Wekeni tarehe hiyo kwenye karatasi mkiwa wawili. Kisipokuwa na jina, basi anachokiogopa ni mabadiliko yenyewe, na hilo nalo linazungumzika.

Kuna hofu moja ambayo waume hawaisemi kwa wake zao. Kazi ya rubani inasimama juu ya hati ya afya inayofanywa upya kila mwaka, na akishavuka miaka 60 kila miezi sita. Moyo ukipiga vibaya kwenye kipimo, au sukari ikipanda, kazi inakoma, na huko Ghuba kibali cha kuishi kinakwenda pamoja na kazi. Mume wako akiugua leo akiwa Doha, je, ana bima ya kupoteza leseni? Inalipa kiasi gani, na kwa muda gani? Je, kuna nyumba Dar es Salaam iliyokwisha kulipiwa? Maswali haya yaulizeni pamoja kabla hamjabishana kuhusu mshahara wa nyumbani. Familia yenye nyumba isiyodaiwa na ada iliyotengwa inaweza kukubali mshahara mdogo kwa amani. Familia ambayo kila mwezi inasubiri riyali haiwezi, hata kama mapenzi yote yapo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba umkazanie, lakini umkazanie apange.

SWALI: Nikirudi Nairobi mambo yakaharibika, nitapokewa tena Ghuba?

Kapteni, salaam aleikum. Mimi ni Mkenya kutoka Mombasa, rubani Doha tangu kabla ya korona. Nimesikia Kenya Airways imeanza kupata faida na ninafikiria kuomba. Swali langu ni moja: nikirudi na mambo yakaharibika, nitaweza kuondoka tena?
*Mwana wa Kisauni*

JIBU

Waaleikum salaam, kaka. Faida uliyoisikia ni ya kweli, na habari zake hazikuishia hapo. Kenya Airways ilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya miaka 11. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 12, hasa kwa sababu 787 tatu kati ya tisa zilisimama kwa kukosa injini na vipuri. Ukisoma taarifa ya mwaka mmoja tu, utadanganyika, ama kwa matumaini ama kwa hofu. Angalia kwanza zile ndege tatu zimerudi angani au la, maana marubani wapya huajiriwa kulingana na ndege zinazoruka.

Kwenye mkataba, soma kwa makini kifungu cha mfuko wa akiba ya uzeeni. Mgomo wa marubani wa Novemba 2022, ulioongozwa na chama chao cha KALPA na kuacha maelfu ya abiria wamekwama Nairobi, ulihusu zaidi ya yote michango ya mwajiri katika mfuko huo iliyokuwa imesitishwa. Zungumza na chama kabla ya kusaini. Wao ndio watakaokueleza ukuu kazini unahesabiwaje kwa aliyetoka akarudi. Kwenye kodi, jua kwamba mapato yanayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi Kenya hutozwa asilimia 35, kisha kuna asilimia 1.5 ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii.

Sasa swali lako. Mlango wa kurudi Ghuba haufungwi na kule kuondoka; unafungwa na mambo matatu. La kwanza ni namna ulivyoondoka. Aliyetoroka kabla ya notisi kwisha, au aliyeacha deni la mafunzo, jina lake linabaki kwenye kumbukumbu. Kabla ya siku yako ya mwisho, iombe idara ya rasilimali watu ithibitishe kwa barua kwamba unaruhusiwa kuajiriwa tena. La pili ni saa zako za karibuni. Matangazo ya ajira ya mashirika hayo huangalia umeruka ndege gani, ya ukubwa gani na mara ya mwisho ni lini, kwa hiyo mwaka mmoja wa kukaa chini Nairobi kwa sababu ndege imesimama utakugharimu kuliko miaka mitano ya kuruka ndege ndogo ya Embraer bila kukatizwa. Ukilazimika kuchagua kati ya kiti cha 787 ambayo haijulikani itaruka lini na kiti cha ndege ndogo inayoruka kila siku, chukua kinachoruka. La tatu ni umri, na hilo halina barua ya kuombea. Shirika linalokufundisha upya linataka miaka ya kukutumia kabla hujafika 65, na baada ya miaka 50 nafasi hizo hupungua haraka.

Waulize pia waajiri wako wa sasa kama wanatoa likizo bila malipo ya mwaka mmoja. Baadhi ya mashirika huitoa biashara inapokuwa ndogo na huikataa safari zinapoongezeka. Kuomba hakuna gharama. Ukipewa, hakikisha kwanza kama masharti yake yanakuruhusu kurusha ndege za shirika jingine katika kipindi hicho, kwa sababu mengi hayaruhusu. Ukikataliwa, usiandike barua ya kuacha kazi mpaka mkataba wa Nairobi uwe mkononi mwako, umesainiwa na pande zote mbili, ukitaja ndege, cheo na tarehe ya kuanza mafunzo.